Elimu ya Utabibu Katika Kidato cha Sita: Yafundisha Nini, na Yampeleka Wapi Mwanafunzi

Mtu akiingia katika hospitali yo yote kubwa huwajua watu wa namna mbili tu, daktari na mwuguzi. Hao ndio wanaomwuliza habari za ugonjwa wake, na hao ndio wanaompa dawa. Lakini ile damu aliyotolewa mkononi imekwenda wapi? Nani aliyeitazama katika darubini, akahesabu chembe zake na kuandika ile karatasi ambayo daktari huisoma kabla ya kusema neno lo lote? Nani aliyeendesha mtambo wa kupiga picha za mifupa, na nani aliyebandika nyaya kifuani ili kupima mwendo wa moyo? Watu hao ni wengi, na kazi zao ni za lazima, lakini mgonjwa hurudi nyumbani bila kujua hata kazi hizo zaitwaje.

Kwa sababu hiyo kijana apendaye kazi ya hospitali husema neno moja tu, "Nataka kuwa daktari," na mzazi wake hujibu, "Vema, soma sayansi." Maneno hayo ni mazuri, lakini hayatoshi. Sayansi ni nyingi, na kazi za hospitali ni nyingi, wala si kila sayansi humwingiza mtu katika kila kazi. Kijana aweza kusoma miaka miwili kwa bidii na kufaulu vizuri, kisha akaambiwa na chuo kikuu kwamba hawezi kupokewa, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa somo moja ambalo hakulichagua alipokuwa na umri wa miaka 16. Katika makala haya tutaeleza habari za somo liitwalo Sayansi ya Utabibu, ambalo hufundishwa katika vidato vya juu huko Uingereza na Wales. Baadaye tutaeleza jinsi mambo hayo yalivyo katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, kwa kuwa mpango wetu wa vidato vya juu ulitoka huko.

JINA LA KIDATO CHA SITA

Kwanza yafaa kueleza jina lenyewe, maana huwachanganya watu. Katika shule za zamani za Uingereza mtoto aliingia shule ya sekondari akiwa na umri wa miaka 11, na madarasa yakahesabiwa tangu la kwanza hata la tano. Alipofika miaka 16 alifanya mtihani, na wengi waliacha shule hapo. Wachache waliotaka kuendelea waliingia kidato cha sita. Lakini kidato hicho hakikuwa cha mwaka mmoja. Kilikuwa cha miaka miwili, sita ya chini na sita ya juu. Kwa hiyo Mwingereza asemapo "kidato cha sita," maana yake ni yale ambayo sisi twayaita kidato cha tano na cha sita pamoja. Mwisho wake ni mtihani wa A-level, ulioanzishwa mwaka 1951 badala ya cheti cha zamani cha shule za juu.

Afrika ya Mashariki ilifuata mpango huo. Kabla ya shule zetu kuwa na vidato hivyo, kijana aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na huko huko alisoma kwanza masomo ya matayarisho ndipo akaingia katika masomo ya utabibu wenyewe. Tanzania na Uganda zimevihifadhi vidato vya tano na sita mpaka leo. Kenya iliviondoa: mpango wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa mwaka 1989. Jambo hilo tutalirudia.

SOMO LENYEWE

Mwanafunzi wa kidato cha sita huko Uingereza kwa desturi huchagua masomo matatu. Ajitayarishaye kwa kazi za hospitali huchagua Biolojia, Kemia, na labda Hesabu au Fizikia. Lakini kando ya masomo hayo ya zamani kuna masomo ya namna nyingine, ambayo huelekea zaidi kwenye kazi, na mojawapo ni hili la Sayansi ya Utabibu. Msomaji asidhani kwamba ni mafunzo ya udaktari. Mwenye kulimaliza hapewi ruhusa ya kumtibu mtu, wala kumpiga sindano. Nia yake ni kumwonyesha kijana jinsi mwili ufanyavyo kazi, jinsi ugonjwa utambuliwavyo na kupimwa, na jinsi dawa zifanyavyo kazi yake ndani ya mwili.

Bodi ya mitihani ya Wales, iitwayo WJEC, ililigawa somo hilo katika mafungu sita: afya na maradhi ya binadamu; kupima kazi za mwili; njia za utafiti; dawa na matibabu; kazi za maabara ya hospitali; na mwishowe kuchunguza habari za mgonjwa mmoja tangu dalili za kwanza hata matibabu. Majina ya masomo haya na mpangilio wake hubadilika mara kwa mara, kwa kuwa serikali ya huko huyatengeneza upya, lakini mambo yanayofundishwa ni yale yale. Sehemu nyingine hujibiwa katika chumba cha mtihani, na nyingine hutolewa alama kwa kazi ambayo mwanafunzi aifanya kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo kazi ya mikono ndiyo tunayopenda kuieleza zaidi, kwa kuwa ndiyo inayolitofautisha somo hili na kukariri vitabu.

KUPIMA KABLA YA KUSEMA

Tuchukue shinikizo la damu. Kila mtu amekiona kile kitambaa chenye mfuko wa hewa kinachofungwa mkononi. Namna hiyo ya kupima ilitungwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa ili kupata tarakimu mbili badala ya moja. Mwanafunzi hufunga kitambaa juu ya kiwiko, akajaza hewa mpaka damu izuiwe isipite. Kisha huweka chombo cha kusikilizia kwenye kikunjo cha kiwiko na kuiachilia hewa polepole. Kwanza hasikii kitu. Mara mlio wa kugonga waanza: hiyo ndiyo tarakimu ya juu, nguvu ya damu moyo unapojibana na kuisukuma. Mlio waendelea, wapungua, kisha watoweka kabisa: hiyo ndiyo tarakimu ya chini, nguvu ya damu moyo unapopumzika. Ikiandikwa 120 juu ya 80, maana yake ni milimita za zebaki, kwa kuwa vipimo vya kwanza vilikuwa bomba la kioo lenye zebaki ndani yake.

Mpaka hapo mtoto wa miaka 12 aweza kufundishwa. Lakini mwalimu wa Sayansi ya Utabibu huuliza maswali mengine. Je, mtu huyo alikaa kimya dakika tano kabla ya kupimwa, au amepanda ngazi sasa hivi? Amekunywa kahawa? Miguu yake imepandishwa mmoja juu ya mwingine? Mkono wake uko usawa wa moyo, au waning'inia? Kitambaa chatosha unene wa mkono? Maana kitambaa kikiwa kidogo kwa mtu mnene, tarakimu huwa kubwa kuliko kweli, na mtu mzima wa afya aweza kuandikiwa ugonjwa asiokuwa nao, akameza vidonge kwa miaka. Kwa hiyo mwanafunzi hupima mara ya pili na ya tatu, na kuandika kila mara, hata zile tarakimu zisizompendeza. Hapo ndipo sayansi inapoanza.

Pumzi nayo hupimwa. Chombo chake kiitwacho spirometa kilielezwa mwaka 1846 na daktari wa London, John Hutchinson, ambaye alipima pumzi za watu zaidi ya 2,000. Mtu huvuta hewa mpaka kifua kijae, kisha huitoa yote kwa nguvu. Mwenye pumu aweza kuwa na mapafu makubwa yenye hewa nyingi, lakini njia za hewa zimebana, na hewa hutoka kidogo kidogo kama maji katika mpira uliokanyagwa. Kwa sababu hiyo haitoshi kujua hewa yote ni kiasi gani. Lazima kujua pia ni kiasi gani kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Kiasi hicho kikiwa chini ya 70 katika kila 100 ya hewa yote, madaktari hushuku kwamba njia zimeziba. Kwa hesabu hiyo ndogo mwanafunzi huelewa kwa nini mtu mmoja hupewa dawa ya kupanua njia za hewa na mwingine mwenye kikohozi kama chake asipewe.

Umeme wa moyo ulipimwa vizuri na Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mtambo wake wa kwanza ulijaza chumba, na mgonjwa ilimpasa kutia mikono yake na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi ili umeme upite. Siku hizi mtambo huo huchukuliwa mkononi, lakini herufi P, Q, R, S na T alizoandika Einthoven juu ya mawimbi ya moyo ndizo wanafunzi wanazojifunza hata leo.

Katika maabara jambo la kwanza ni usafi, na la pili ni jina. Twalitaja jina kwa kusudi. Chupa ya damu isiyoandikwa jina la mwenyewe ni hatari kuliko chupa iliyovunjika, maana iliyovunjika hutupwa, lakini isiyo na jina yaweza kupewa mtu mwingine. Baada ya hayo mwanafunzi hujifunza kutia rangi viini vya maradhi kwa njia ya Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyeivumbua mwaka 1884. Viini hutiwa rangi ya zambarau, kisha maji ya iodini, kisha huoshwa kwa alkoholi, na mwisho hutiwa rangi nyekundu. Viini vyenye ukuta mnene hushika ile zambarau. Vyenye ukuta mwembamba huipoteza na kuonekana vyekundu. Kwa nini jambo hilo lina faida? Kwa sababu dawa nyingine hushambulia ukuta huo, na daktari akijua namna ya ukuta aweza kuanza kuchagua dawa kabla jina kamili la kiini halijapatikana. Mwanafunzi huweka pia vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani iliyooteshwa viini, na siku ya pili hupima kwa rula upana wa mahali ambapo viini havikuota. Akiona kidonge kimezungukwa na viini pande zote, ameona kwa macho yake jinsi dawa inavyoweza kushindwa, na labda atawaonya jamaa zake wanaonunua vidonge viwili vitatu dukani na kuacha kuvimeza wakipata nafuu.

MFANO WA UTAFITI KUTOKA KWETU

Fungu la utafiti ndilo ambalo wanafunzi wengi hulichukia, kwa kuwa hudhani ni hesabu tupu. Sisi twaona ndilo bora kuliko yote, na tutaleta mfano mmoja uliotokea Kenya na Uganda.

Uko ugonjwa wa damu uitwao selimundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda na kuwa na umbo la mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali na upungufu wa damu. Mtoto huupata akirithi mbegu ya ugonjwa kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi mbegu hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui. Aishi kama watu wengine, wala hajui kwamba anayo mpaka damu yake ipimwe. Swali lilikuwa hili: ikiwa watoto wenye ugonjwa huu walikufa wengi kabla ya kuzaa, kwa nini mbegu yake haikupungua na kwisha?

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, ambaye alikuwa bado anasoma utabibu katika chuo kikuu cha Oxford, alikuja na msafara wa chuo hicho akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba wenye mbegu moja walikuwa wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na wachache sana katika nyanda za juu zenye baridi. Akafikiri: pwani na ziwani kuna malaria nyingi, na milimani haipo au ni kidogo. Je, yawezekana mbegu hiyo humkinga mtu na malaria?

Kufikiri hivyo si kuthibitisha. Baadaye alipima damu za watoto 290 karibu na Kampala. Watoto 43 walikuwa na mbegu ya selimundu, na kati yao 12 walionekana na vijidudu vya malaria. Watoto 247 hawakuwa na mbegu, na kati yao 113 walikuwa na vijidudu. Tarakimu hizi mtu akizitazama haraka aweza kudhani tofauti ni kubwa mno, maana 113 ni nyingi kuliko 12. Lakini makundi hayakuwa sawa kwa wingi, kwa hiyo lazima kuyalinganisha kwa kila mia. Ukifanya hesabu utapata karibu 28 katika kila mia kwa wenye mbegu, na karibu 46 katika kila mia kwa wasio nayo. Tofauti ipo, lakini si ile iliyoonekana kwanza. Katika jaribio jingine watu wazima 30 waliokubali kwa hiari waliambukizwa malaria. Kati ya 15 wenye mbegu, wawili tu walipata ugonjwa. Kati ya 15 wasio na mbegu, walipata 14. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1954, na wataalamu waliofuata wamezithibitisha mara nyingi.

Mwalimu aweza kukaa na mfano huu juma zima. Kwa nini makundi mawili yalilinganishwa, si moja? Je, watoto wa makundi yote mawili waliishi mahali pamoja na kuumwa na mbu wale wale? Na je, ni haki kumwambukiza mtu mzima ugonjwa ili kujifunza? Mwaka 1947, baada ya kesi za madaktari wa Kijerumani huko Nuremberg, ziliandikwa kanuni zisemazo kwamba hakuna mtu atakayejaribiwa bila kukubali kwa hiari yake hali akijua hatari iliyopo, na mwaka 1964 madaktari wa dunia walikutana Helsinki wakaziongeza. Siku hizi jaribio kama lile hupelekwa kwanza mbele ya kamati ya maadili, na kamati hiyo ina haki ya kulikataa. Mwanafunzi wa miaka 17 hufundishwa kuuliza maswali hayo kabla ya kugusa chombo.

Elimu hiyo ina faida nyumbani pia. Watu wengi wenye mtoto mgonjwa wa selimundu wamelaumiana, mume akisema ugonjwa umetoka kwa ukoo wa mke, na mke akisema umetoka kwa ukoo wa mume. Kweli ni kwamba mbegu imetoka kwa wote wawili. Wazazi wenye mbegu moja kila mmoja, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Na hapo wengi hukosea: hudhani kwamba wakiisha kumpata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huhesabiwa peke yake, kama vile shilingi irushwayo juu isivyokumbuka ilivyoanguka mara ya kwanza.

MWANAFUNZI AENDA WAPI BAADAYE

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wazazi hutaka kulijua. Huko Uingereza aliyesoma Sayansi ya Utabibu pamoja na masomo mengine aweza kuendelea na digrii ya sayansi ya maabara za hospitali, ambayo kwa kawaida ni ya miaka mitatu. Aweza kujifunza uuguzi, au kazi ya kupima moyo na mapafu, au kazi ya gari la wagonjwa, au kupiga picha za ndani ya mwili. Asiyetaka chuo kikuu aweza kuajiriwa hospitalini kama msaidizi, au kufundishwa kutoa damu, na kuendelea kujifunza huku akipata mshahara. Katika kazi nyingi za namna hii, mtu akiisha kuhitimu, lazima jina lake liandikwe katika daftari ya baraza linalosimamia kazi hiyo, na akikosa uaminifu jina lake hufutwa.

Lakini udaktari ni jambo jingine. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza hutaka cheti cha A-level cha Kemia, na mara nyingi Biolojia pia, tena kwa alama za juu kabisa. Somo la Sayansi ya Utabibu, ijapokuwa jina lake lina neno utabibu, haliwezi kusimama mahali pa Kemia. Hapa ndipo vijana wanapodanganywa na jina. Mtu aweza kuuliza, kwa nini Kemia ipendwe hivyo? Kwa sababu mwili wenyewe ni kiwanda cha kemia. Uchungu wa damu, kwa mfano, hupimwa kwa kipimo cha pH, na damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ikishuka au kupanda kidogo tu nje ya mpaka huo, mtu huugua, na ikizidi hufa. Daktari asiyeelewa asidi na magadi hawezi kuelewa kwa nini mgonjwa wa kisukari huhema haraka damu yake inapochacha, wala kwa nini figo na mapafu husaidiana kuirudisha.

Tena kuna tarehe zisizongoja. Maombi ya kuingia udaktari huko hufungwa tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na mwombaji hawezi kuomba vyuo vya udaktari zaidi ya vinne. Kuna mtihani mwingine uitwao UCAT, wa kupima namna mtu anavyofikiri, na mwisho kuna mahojiano ya uso kwa uso. Aliyezoea kueleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi alivyopima shinikizo la damu, na kwa nini hakuziamini tarakimu za kwanza, hapo atakuwa na la kusema.

HALI ILIVYO KATIKA NCHI ZETU

Tanzania haina somo liitwalo Sayansi ya Utabibu katika kidato cha tano na sita. Kuna tahasusi, yaani mafungu ya masomo matatu matatu, na ile ya wanaotaka udaktari ni Fizikia, Kemia na Biolojia, ambayo wanafunzi huiita PCB. Kufaulu kwa kiwango kinachohesabiwa ni tangu A hata E. Alama ya S huonyesha kwamba mtu amejua kidogo, lakini haimwingizi katika digrii ya udaktari. Aliyesoma Kemia, Biolojia na Jiografia ana elimu nzuri na nafasi nyingi, lakini digrii ya udaktari hudai Fizikia pia. Kwa hiyo kijana wa kidato cha nne asiyeipenda Fizikia, naye ataka kuwa daktari, ni heri ajue mapema kwamba hawezi kuikwepa. Masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, ni ya miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Uganda nayo ina vidato vyake viwili, na Makerere, ambayo ilianza kufundisha utabibu katika miaka ya 1920, hufundisha udaktari kwa miaka mitano.

Kenya, kama tulivyosema, haina vidato hivyo. Chuo kikuu cha Nairobi, kilichoanza kufundisha udaktari mwaka 1967, kilikuwa kikiwapokea vijana wa kidato cha sita. Baada ya 1989 kiliwapokea waliotoka kidato cha nne, na masomo yake sasa ni ya miaka sita. Wengine huingia chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC, kilichoanza mwaka 1927, ambacho hutoa stashahada za uuguzi, maabara, famasia, na za maofisa wa kliniki wanaowatibu wagonjwa katika zahanati nyingi za mashambani. Twasikia watu wakiziita kazi hizo kazi za waliokosa udaktari. Ni maneno ya upuzi. Katika kata isiyo na daktari, mwenye kutambua homa ya mtoto usiku ni ofisa wa kliniki, na mwenye kumwambia kama ni malaria au siyo ni mtu wa maabara.

Lakini mambo ya Kenya yamebadilika tena. Katika mpango mpya wa elimu, mwanafunzi akimaliza daraja la 9 huingia shule ya sekondari ya juu kwa miaka mitatu, na kundi la kwanza la daraja la 10 lilianza Januari 2026. Njia ni tatu: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, sanaa na michezo. Kwa hiyo uchaguzi ambao Mwingereza huufanya akiwa na miaka 16, mtoto wa Kenya huufanya akiwa na miaka 14 au 15, naye hawezi kuufanya peke yake. Mzazi atakayeambiwa kwamba shule fulani ina njia ya sayansi asitosheke na neno hilo. Njia hiyo ina masomo mengi, na si kila shule hufundisha yote. Aulize kama Biolojia na Kemia zafundishwa pamoja kwa mwanafunzi mmoja, na kama Fizikia au Hesabu yaweza kuongezwa. Aulize ni mara ngapi katika muhula wanafunzi huingia maabara wakashika vyombo wao wenyewe, au kama mwalimu ndiye anayeshika na wao hutazama kwa mbali. Kisha achukue orodha ya masharti ya chuo ambacho mtoto anakitamani, aisome pamoja naye, na kuilinganisha na fomu ya masomo kabla ya kuirudisha shuleni.